Theluthi ya Ngalawa

Mimi ni seremala, nina banda la kazi Mji Mpya hapa Morogoro, na ninamiliki theluthi moja ya ngalawa iliyoko Bagamoyo. Theluthi hiyo siwezi kumwonyesha mtu. Haiko omo wala tezi, haiko kwenye mlingoti wala kwenye tanga. Ni theluthi ya yote, ndivyo wosia ulivyosema, na kwa muda mrefu sikuwa na haja ya kuuliza inakaa wapi. Haja ilikuja pale ule mti wenyewe, mwembe mmoja uliochongwa ukawa chombo, ulipooza tumboni kiasi cha kidole kupenya. Ikabidi tuamue kinachokufa ni ngalawa au ni mti tu. Na kwa kuwa amani ya marehemu mjomba wangu ilikuwa imefungwa kwenye chombo kile, ubishi wetu haukuwa wa barazani.

Nieleze kwanza nimefikaje baharini, maana Mluguru na maji ya chumvi hawasalimiani.

Kwetu ni Mkuyuni, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Ardhi na jina hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kule Kinole, juu yetu, cheo cha Kingalu kimepita hivyo tangu kabla ya Wajerumani: Kingalu anazikwa, Kingalu anasimama, na hakuna anayeuliza kama ni yuleyule. Mjomba wangu aliteremka Bagamoyo mwaka 1974 kutafuta kibarua, akaishia kuwa mvuvi, akaoa hukohuko, akazaa watoto wa kiume watatu. Alipougua, mwaka 2016, alijikuta katikati ya sheria mbili. Kwa mila ya mlimani mrithi wake ni mimi, mtoto wa dada yake. Kwa dini yetu ya Kiislamu mimi si mrithi kabisa mbele ya wanawe. Lakini dini hiyohiyo inamruhusu mtu kumwachia kitu asiye mrithi, mradi asivuke theluthi ya mali yake. Mjomba akaichukua mila nzima ya Uluguru akaipakia kwenye theluthi. Akasema mbele ya mashahidi kwamba theluthi ya chombo ni ya mpwa wake, maalim akaandika, na mkazamjomba akaniambia, "Haya baba, umekuwa Mswahili."

Ila kabla ya wosia kuna deni. Ndio mpangilio tuliofundishwa: maziko, kisha deni, kisha wosia, warithi mwisho. Mjomba alikuwa amekopa nyavu dukani na hakumaliza kulipa. Na tumefundishwa pia kwamba nafsi ya maiti huning'inia kwenye deni lake mpaka litakapolipwa. Fedha hatukuwa nazo, si wanawe wala mimi. Wazee wa ufukweni wakasema msihangaike, chombo kitalipa.

Msomaji wa bara atauliza chombo kinalipaje. Pwani, samaki wakishauzwa mnadani na gharama zikatolewa, fedha hugawanywa kwa mafungu. Kila baharia ana fungu lake, nyavu zina fungu lake, na chombo kina fungu lake. Kiasi hutofautiana ufukwe kwa ufukwe, lakini popote chombo huhesabiwa kama mmoja wa waliokwenda baharini. Kwa fungu hilo ngalawa hujinunulia kamba, pamba ya kuziba nyufa na rangi. Mtu mwenye fungu anaweza kuwa na deni, kwa hiyo ngalawa nayo inaweza. Wakaandika kwenye daftari: deni la nyavu, juu ya Mja Hana. Ndilo jina lililopakwa ubavuni mwake.

Kama hujawahi kuiona ngalawa kwa karibu, ni mtumbwi mwembamba wa mti mmoja wenye mabawa mawili, moja kila upande, yanayoning'inia kwenye miti miwili iliyolazwa kukingama. Mabawa ndiyo yanayozuia chombo kisipinduke, kwa kuwa mtumbwi wenyewe ni mwembamba kuliko sanduku la maiti. Sehemu kubwa imefungwa kwa kamba, haikupigwa misumari, ili wimbi likija viungo vyote vikubali kidogo. Umbo hili halikubuniwa hapa peke yake: wataalamu wengi wanalihusisha na mabaharia waliotoka visiwa vya Indonesia zamani sana, na ndugu zake wako Komoro na Madagaska. Mti umetoka hapa, umbo limevuka bahari. Nilipolijua hilo nilitulia kidogo juu ya mambo mengine yote nitakayoyasema.

Kuitunza ni kazi isiyo na mwisho na isiyo na sifa. Unaipweleza maji yakipwa, unakwangua majani ya bahari na chaza, unawasha makuti makavu na kupitisha moto chini ya tumbo ili wadudu wanaotoboa mbao wafe, kisha unapaka mafuta ya ini la papa, yale wanayoyaita sifa, yenye harufu ambayo mke wangu anaitambua kwenye shati langu kabla sijashuka kwenye bodaboda. Siku hizi vijana wanapaka oili chafu ya magari. Nyufa zinakalafatiwa kwa pamba, na palipochoka sana panapigiliwa kiraka cha bati. Nilikuwa nikishuka kila nilipopata nafasi, nabeba randa yangu na patasi, na binamu zangu walikuwa wakizicheka. Mafundi wa pwani wana tezo. Kwa tezo wanafanya mambo ambayo mimi kwa randa, na kwa vyeti vyangu vya ufundi, siwezi.

Kati ya binamu watatu, mkubwa ndiye nahodha, wa kati ana duka la chipsi, na mdogo ana ugonjwa wa kushindana. Sikukuu za Idi vijana wa ufukweni huwa wanashindanisha ngalawa, na yeye kwa hilo yuko tayari kuuza simu yake. Mambo ya mashindano kwenye mwambao wetu hayakuanza jana. Lamu wanashindanisha mashua kwa umati uliojaa ukutani mwa bahari, na Zanzibar tamasha la filamu la nchi za jahazi limewahi kuwa na mashindano ya vyombo vya tanga mbele ya Forodhani. Ya kwetu ni madogo. Hata hivyo nahodha aliyeshindwa hatalala usiku huo, na atakayoyasema kuhusu tanga la mwenzake hayachapishiki.

Kwa ajili ya mashindano hayo Mja Hana ikaanza kubadilishwa. Tanga la kitambaa cha merikani, ambalo mabaharia walikuwa wakilimwagia maji ili nyuzi zivimbe na upepo usipenye, likatolewa, likaja la sintetiki lisilohitaji maji. Mlingoti wa mvinje ukabadilishwa, nikaleta mimi mwingine wa mtiki uliotoka kwenye shamba la miti la Mtibwa, mwembamba zaidi na mwepesi. Foromali nayo ikabadilishwa. Mabawa yakachongwa upya. Bao la usukani nililiranda mwenyewe, la mninga, nikalikondesha kingo zote mbili ili maji yaachane nalo bila kelele, na hapo ndipo kicheko kilipopungua. Waliuita usukani wa Morogoro. Sitaficha kwamba nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima.

Sasa hapa pana jambo ambalo sisi watu wa mlimani tuna kumbukumbu nalo. Kutengeneza kilichoharibika na kuboresha kisichoharibika ni kazi mbili tofauti, ingawa zinatumia nyundo ileile. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwaamuru Waluguru walime kwa matuta ya ngazi ili kuokoa udongo. Nia haikuwa mbaya. Udongo wetu kweli unateremka, unaingia Ruvu, na wakati wa masika unaifanya bahari ya Bagamoyo iwe na rangi ya chai ya maziwa. Mjomba alikuwa akisema anavua kwenye shamba la bibi yake. Lakini mahali pengi ngazi zile zilifukua udongo mfu wa chini na kuuleta juu, kazi ilikuwa ya shuruti, na hakuna aliyewauliza wenye mlima mlima wao unafanya nini. Mwaka 1955 pakazuka ghasia Matombo, na mpango ukafa. Wazee waliokuwepo walinisimulia kwamba hawakukataa kutunza ardhi. Walikataa kugeuziwa ardhi ikawa kitu cha mtu mwingine. Kwa hiyo binamu mdogo alipokuja na wazo jipya kila Idi, kila mara nilijiuliza tunaitunza ngalawa ya mjomba au tunaigeuza ya kwake. Nikanyamaza kwa sababu ya lile bao la usukani.

Wakati huo ndipo mteja mmoja, mseminari aliyekuwa akisoma falsafa pale Chuo Kikuu cha Jordan, alipokuja bandani kutaka rafu ya vitabu. Nikamsimulia habari za Mja Hana, akacheka, akasema Wagiriki wameshalijadili hilo. Nikamwomba aniletee maandishi, akaleta. Plutarch, aliyeandika yapata miaka 1900 iliyopita, anasimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, yenye makasia 30, kwa karne kadhaa. Ubao ukioza, waliutoa wakapachika mzima, mpaka wanafalsafa wakaifanya mfano wa kubishania: hawa wakasema ni ileile, wale wakasema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes akalitia chumvi swali. Tuseme kuna mtu aliyeziweka zile mbao kuukuu zote, akaziunga tena kwa mpangilio wake. Sasa ziko mbili. Ipi ni ya Theseus?

Swali ni zuri, lakini lina upungufu ambao seremala anauona mara moja. Merikebu ya mbao nyingi inabadilika ubao kwa ubao, na kila hatua ni ndogo, kwa hiyo akili inapata nafasi ya kusinzia. Ngalawa haikupi nafasi hiyo. Unaweza kubadilisha mlingoti, tanga, mabawa na usukani, na bado kila mtu ufukweni atakubali kwamba chombo ni kilekile, kwa sababu mtumbwi upo. Mtumbwi ni mti mmoja. Siku ukioza, unakwenda wote. Wanafalsafa wa mbao nyingi hawatakusaidia siku hiyo.

Jambo la pili lilinichukua muda kuliona. Katika mazungumzo mengi juu ya merikebu ile, watu huizungumzia kama vile ilikuwa imewekwa mahali inaangaliwa. Haikuwa hivyo. Plato anaeleza, anaposimulia kifo cha Socrates, kwamba Waathene walikuwa wameweka nadhiri kwa mungu wao Apollo: vijana waliokwenda Krete na Theseus wakiokoka, mji utapeleka ujumbe Delos kila mwaka. Merikebu ile ndiyo iliyokwenda. Na tangu inapovishwa shada mpaka inaporudi, mji haukuruhusiwa kumwua mtu yeyote kwa hukumu. Mwaka 399 KK Socrates alihukumiwa siku moja baada ya shada kuvishwa, na ndiyo maana alikaa gerezani akizungumza na rafiki zake akisubiri upepo uirudishe. Maisha ya mtu yalining'inia kwenye merikebu ile. Hebu fikiria askari wa gereza anamwambia Socrates, sikiliza mzee, mbao zimebadilishwa zote, hiyo siyo merikebu ya nadhiri, njoo unywe sumu yako leo. Hakuna Mwathene ambaye angethubutu. Ilikuwa ileile kwa sababu nadhiri ilikuwa ileile na kulikuwa na watu walioibeba.

Nilipolisoma hilo nilikaa chini kwenye maranda. Nadhiri yao, deni letu la nyavu.

Mtumbwi wa Mja Hana ulikataliwa na fundi mwishoni mwa kaskazi. Aligonga tumbo lake kwa mpini wa tezo kutoka omo hadi tezi, na kila mtu alisikia mahali sauti ilipobadilika. Mti wa kuchukua nafasi yake ulikuwa wa shida pwani, miembe minene imekwisha au ina wenyewe. Nikasema Mkuyuni ipo. Ulikuwepo mmoja kwenye ardhi ya ukoo, umepandwa na bibi yangu mzaa mama, mrefu, umenyooka kuliko kawaida ya miembe, na ulikuwa umeanza kuzaa embe ndogondogo zisizouzika. Kwetu ardhi ni ya ukoo na mti ni wa aliyeupanda, na bibi akiwa hayupo, mti unarudi kwa mabinti zake na wajukuu wa kike. Nikaenda kuwaomba mama zangu. Walikaa, wakaniuliza maswali ambayo fundi hakuyauliza. Mti unakwenda kufanya nini? Kulipa deni la ndugu yenu, nikasema. Basi mama mkubwa akasema hawauzi. Mti wa mama yao utamlipia ndugu yao deni, lakini hautauzwa, na kila mwaka kusi likitulia walete samaki. Bei haikutajwa. Nilidhani nimepata mteremko.

Vibali vya kukata na kusafirisha vikatafutwa. Fundi akaja kutoka Bagamoyo na vijana wawili. Maalim wa kijiji akasoma dua, na mmoja wa mama zangu akanyunyiza unga shinani, na maalim akatazama mlimani mpaka alipomaliza. Mti ulianguka vizuri. Fundi akauchonga palepale, tumbo likatolewa ili uzito wa kubeba upungue, na unene wa kuta aliupima kwa kuugonga akisikiliza. Mimi nilitoa futi yangu. Akaniangalia kwa huruma. Wanaume wa kijiji waliubeba hadi barabarani kwa kupokezana, lori likauteremsha kupitia Chalinze na Msata, na watoto wa Msata walikimbia nyuma ya lori wakidhani ni mwanasesere wa meli.

Kilichofuata Hobbes angelipia nauli kukiona. Mtumbwi mpya ulivikwa mabawa, mlingoti, tanga na usukani wa Morogoro, ukaandikwa Mja Hana, ukapewa namba ya chombo iliyosajiliwa. Ule wa zamani uliachwa juu ya mchanga uwe kuni. Binamu mdogo hakukubali. Aliuanika msimu mzima chini ya kivuli, akakata pote palipooza, akaweka viraka vya faiba, akaukalafati, akaufunga mabawa ya zamani na mlingoti ule wa mvinje, na lile tanga la merikani ambalo mama yake alikuwa akifunikia mahindi. Hakufuta jina. Idi Kubwa ilipofika, kusi likivuma vizuri, ngalawa mbili zilisukumwa majini, na mbavuni mwa zote mbili imeandikwa Mja Hana.

Ubishi ulianza kabla ya mbio. Mdogo alisema chombo cha baba yake ni kile baba yake alichokalia, na ushahidi upo kwenye mti, hapa aliposugua kwa mikono yake pakakwaruzika, hapa alipochora kwa kisu. Mkubwa alisema chombo cha baba ni hiki kinachovua. Mimi mwenye theluthi nikaulizwa, nikasema maneno marefu kuhusu Athene ambayo hayakusaidia mtu. Basi mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma, aliyeshuhudia wosia, akauliza jambo moja tu: lile deni la nyavu, wiki iliyopita nani kalipa? Mkubwa akasema, fungu la hii. Mzee akamgeukia mdogo: na wewe hiyo yako iko tayari kulichukua deni? Mdogo akanyamaza. "Basi hii ndiyo Mja Hana," mzee akasema, "hiyo ni ngalawa yako nzuri, itafutie jina." Akarudi kukaa.

Mbio zikaanza, na ile isiyo na jina ikashinda. Haikuwa ajabu kwa anayejua mbao. Mwembe mbichi ni mzito, maji bado yamo ndani yake, wakati ule mtumbwi wa zamani ulikuwa umekauka kwa miaka mingi na juu ya hayo umeanikwa msimu mzima. Kwenda, kusi likiwasukuma mgongoni, tanga letu jipya lilituweka sambamba. Kurudi, kwa kubisha, kila walipogeuza foromali mdogo alipata mwanya, kwa sababu chombo chepesi hupata mwendo tena upesi. Vijana wake walikuwa wakilimwagia merikani maji kwa kopo kama wazee wao. Alipogusa mchanga umati ulipiga kelele: Mja Hana! Mja Hana! Mzee mwenye kofia alikuwa akipiga kelele pamoja nao.

Kwa hiyo ushindi ni wa nani? Nimelizungumza hili na kijana mwingine, huyu wa Chuo Kikuu cha Waislamu kilichofunguliwa hapa Morogoro mwaka 2005, aliyekuja kutengenezewa meza. Alinipeleka kwa Imamu Ghazali, kwenye kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alichokimaliza mwaka 1095. Wanafalsafa walisema ufufuo wa miili haumkiniki, kwa kuwa mwili umeshakuwa udongo, udongo umekuwa mmea, mmea umeliwa na mtu mwingine. Watafufuliwaje wawili kwa nyama moja? Ghazali akajibu kwamba mtu ni yeye kwa nafsi yake. Mwili unabadilika tangu utotoni mpaka uzeeni, kwa kunenepa na kukonda na kwa chakula kinachoingia mahali pa kilichotoka, na hakuna anayesema mzee amekuwa mtu mwingine. Basi Mungu akiirudisha nafsi kwenye mwili, wa udongo uleule au wa mwingine, aliyerudi ni yeye. Mimi nina chuma mguuni tangu ajali ya barabarani, kipande kama cha bawaba, na nimewahi kujiuliza nitafufuka nacho au nitaanza kuchechemea tena mbele ya watu wote. Jibu la Imamu linanitosha.

Ila ngalawa haina nafsi. Hapo ndipo ninapoachana kidogo na kijana wangu, aliyetaka kusema kwamba basi haina uleule wowote, ni mazoea ya lugha. Naona ina nafsi ya kuazima. Kuna mtu anayeibebea deni lake, anayekumba maji usiku wa mvua bila kuambiwa, anayesema mbele ya mwenye duka kwamba ndiyo, ni sisi. Akiwepo huyo, unaweza kuubadilisha hata mti wote. Asipokuwepo, mti wote ubaki ulivyo na bado kilichobaki ni kuni zenye maandishi. Nadhani hata Kingalu ni hivyo, mtu anakubali kusimama mahali pa marehemu na kudaiwa vyote marehemu alivyodaiwa, na watu wanakubali kumdai. Mbio ni kitu kingine. Mbio zinauliza mti una uzito gani leo, na kwa swali hilo mdogo alikuwa na jibu bora. Nikamwambia ushindi ni wa mwembe wa zamani, na akaupokea kwa furaha kubwa, maana yeye hakutaka zaidi ya hilo.

Binamu mkubwa hakuridhika. Yeye si msomaji, lakini nahodha huzoea kutafuta mahali maji yanapoingilia. Jioni ile, tukiwa tumekaa juu ya bawa, aliniuliza: mtani, kama kinachoifanya hii iwe Mja Hana ni deni, na deni limebaki kidogo, je siku tukilimaliza? Tutakuwa tumemfungua baba na kukiua chombo chake siku moja?

Ni pingamizi la kweli, na mseminari nilipompelekea alishika kichwa. Nilichomjibu nahodha ni kwamba amehesabu deni la dukani tu. Daftari la dukani litafungwa, inshallah kabla ya Ramadhani, na tutasoma khitma. Lakini mti wa mtumbwi mpya haukununuliwa. Mama zangu Mkuyuni hawakutaja bei, na kisichotajwa bei hakimalizwi kulipwa. Akacheka, akasema kumbe Waluguru ni wakopeshaji wabaya kuliko Wahindi wa zamani. Nikamwambia ndivyo ilivyo.

Samaki wa kwanza niliwapokea kwa basi, kituo cha Msamvu, kwenye ndoo iliyofungwa kwa nailoni, nikapanda nao hadi Mkuyuni barafu ikinidondokea miguuni. Mama zangu walifungua, wakatazama. Walikuwa vibua, wadogo. Mama mkubwa akamgeuza mmoja kwa kijiti, akauliza kama baharini hakuna samaki wenye minofu. Mwaka huu wameagiza nguru, na wamesema waziwazi kwamba wanamtaka mzima, na kichwa chake.